Nafasi Tupu Ikatwe Mlangoni: Kupogoa Stringi katika Fildi za Urefu Mmoja na za Urefu Tofauti

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Jioni hii tunazungumza juu ya kitu ambacho jicho halikioni: nafasi tupu iliyoganda mkiani mwa neno ndani ya kompyuta. Wengi mliomo ukumbini humu mnaandika au mnatunza programu za mawakala wa forodha, za maghala ya Shimanzi na Changamwe, za malori yanayopanda bara. Basi mfano wetu uwe ule mnaoushika kila siku, yaani namba ya kontena.

Namba ya kontena ina alama 11, haizidi wala haipungui. Kiwango cha kimataifa, ISO 6346, kinataka herufi 3 za mwenye kontena, herufi 1 ya aina, tarakimu 6, kisha tarakimu 1 ya ukaguzi. Fildi, yaani chumba cha kuwekea data moja ndani ya rekodi, ya baiti 11 (baiti moja kwa kila alama) ingetosha kabisa. Lakini mara nyingi utaikuta imeandikwa CHAR(15), yaani fildi ya urefu mmoja wa alama 15, au hata CHAR(20), kwa kuwa aliyeiunda alitaka kuacha akiba. Akiba hiyo hifadhidata huijaza nafasi tupu, na kuanzia hapo kila anayeisoma fildi inambidi aupogoe mkia kabla hajaitumia. Kupogoa ndiko huko kunakofanywa na amri ya TRIM na ndugu zake.

Fildi ya urefu mmoja ni kama kontena la futi 20. Ulijaze majani chai mpaka mlangoni au utie gunia moja, uwanjani litakalia mahali pale pale. Fildi ya urefu tofauti ni mzigo uliofungwa kwa kadiri yake, ukabandikwa kibandiko cha kusema una ukubwa gani. Kibandiko hicho ni baiti 1 au 2, wakati mwingine 4, zinazotangulia maandishi.

Msidhani waliobuni fildi za urefu mmoja walikuwa hawajui. Kadi ya kutobolewa ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na jina lilikuwa "safu ya 12 hadi ya 41", basi. COBOL, lugha ya zamani ya programu, ikaurithi mtindo huo: PIC X(60) ni baiti 60 hata kama jina ni Ali. Faida yake haijafa mpaka leo. Rekodi zikiwa na baiti 276 kila moja, rekodi ya 500,000 inaanza pale ambapo 276 imezidishwa kwa 499,999, na programu inaruka moja kwa moja hadi hapo bila kusoma chochote njiani. Faili la mikato ya koma halina raha hiyo. Lazima ulisome toka mwanzo, uhesabu mistari, ujue alama za nukuu zinafunguka wapi na kufunga wapi.

Sasa hiyo 276 imetoka wapi? Tuchukue rekodi ya shehena yenye namba ya kontena baiti 11, kifupisho cha bandari baiti 5 (yetu ya Mombasa ni KEMBA), jina la mwenye mzigo baiti 60 na maelezo ya mzigo baiti 200. Rekodi milioni moja ni baiti milioni 276. Tuseme kwa wastani jina hutumia 22 na maelezo 48, na vibandiko vya urefu vya fildi hizo mbili ni baiti 2 kwa jumla. Rekodi ile ile inakuwa baiti 88. Baiti milioni 188 zilizobaki ni hewa: zinasomwa kutoka diski, zinapita kwenye waya, zinakaa kwenye kumbukumbu, zinaingia kwenye nakala ya akiba ya kila usiku. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni diski mliyoinunua kwa pesa zenu.

Wengi wakisikia "kupogoa kunachelewesha" hukimbilia kutafuta njia ya kukata haraka zaidi. Ukataji wenyewe ni kazi ndogo mno. Gharama huja kwa namna unavyokata, kwa nakala unazozalisha ukikata, na zaidi ya yote kwa mahali unapokatia. Tuanze na hilo dogo.

Fildi ya urefu mmoja unaijua mwisho wake. Unasimama kwenye baiti ya mwisho, unarudi nyuma mpaka ukutane na alama isiyo nafasi. Maelezo yakiwa na alama 22 ndani ya baiti 200, umepita nafasi 178. Ukisoma baiti nane nane kwa pamoja na kuzilinganisha na 0x2020202020202020, yaani nafasi nane mfululizo, zile 178 zinakuwa hatua 22 na baiti 2 za kumalizia. Prosesa zenye maagizo ya kushika baiti 16 kwa mkupuo zinafanya hatua 11. Hata moja moja, prosesa ya leo haitoki jasho.

Linalotoa jasho ni msimbo wa lugha ya C wa namna hii: kitanzi kinachouliza, kila mzunguko, `s[strlen(s)-1] == ' '`, kikikuta nafasi kinaweka sifuri, alama ya mwisho wa stringi, mahali pake na kurudia. Stringi, yaani mfululizo wa alama kama neno au jina, katika C haina kibandiko cha urefu. Strlen, inayopima urefu, huhesabu toka mwanzo kila unapoiita. Kwa fildi yetu ya 200 yenye alama 22, kitanzi kitaita strlen mara 179, na jumla ya baiti zilizosomwa ni 19,869. Ukiiita strlen mara moja kabla ya kitanzi, baiti 200 na ulinganisho 179 vinatosha. Kuna ubaya mwingine juu ya huo. Fildi ikiwa tupu yote, mwishowe urefu ni 0, na msimbo unasoma baiti iliyo kabla ya mwanzo wa stringi. Siku nyingine utapona, siku nyingine programu itaanguka, na hutajua kwa nini imeanguka kwa mteja yule tu asiyejaza maelezo.

Upande wa kushoto una mtego wake. Kuna wanaoondoa nafasi ya kwanza, wakasogeza maandishi yote hatua moja, wakarudia. Nafasi 40 mbele ya alama 60 zinakuwa baiti 3,180 zilizosogezwa. Hesabu nafasi kwanza, kisha sogeza mara moja: baiti 60.

Na wale wapenzi wa ruwaza za kutafutia, zile ziitwazo rejeksi: `\s+$` inaonekana haina hatia. Injini nyingi hufika kwenye nafasi ya kwanza, zikaenda mpaka mwisho wa mfululizo, zikakuta si mwisho wa stringi, zikarudi kuanza kwenye nafasi ya pili, kisha ya tatu. Nafasi zikiwa katikati ya maandishi, kazi inakua kwa mraba wa idadi yake. Tarehe 20 Julai 2016 mtandao wa Stack Overflow, wa maswali ya waandika programu, ulizimika kwa dakika 34 kwa sababu hiyo hiyo. Chapisho moja lilikuwa na mfululizo wa nafasi zipatazo 20,000 zisizokuwa mwishoni mwa mstari, na ruwaza ya kupogoa ikafanya ukaguzi unaokaribia milioni 200. Walichofanya ni kuiondoa ruwaza na kutumia kipogozi cha kawaida. Kwa hiyo usichukue rejeksi kukata mkia. Ni kama kuleta kreni ya gati kunyanyua ndoo ya maji.

Tuje kwenye nakala. Katika lugha za Go na Rust, kupogoa hakunakili kitu: unapewa dirisha linalotazama ndani ya stringi ile ile, mwanzo wake na urefu wake vimebadilishwa tu. Ni rahisi sana, lakini dirisha la alama 12 linaizuia stringi mama isifutwe kwenye kumbukumbu. Ukisoma faili la megabaiti 276 lote kama stringi moja, ukahifadhi namba chache tu zilizopogolewa, megabaiti zote 276 zinabaki hai. Go iliongeza strings.Clone katika toleo la 1.18 kwa shida kama hii. Java ilikuwa na tabia hiyo hiyo mpaka toleo la 7u6 la mwaka 2012. Tangu hapo substring hunakili. Python nayo hunakili. Lakini Java na Python zote, stringi ikiwa safi tayari, hurudisha ile ile bila kuzalisha nyingine. Hilo mlishike: data safi hupogolewa karibu bure. Data chafu hulipa kila siku, kwa stringi mpya mamilioni ambazo mkusanya taka wa kumbukumbu lazima aje kuzizoa.

Kabla ya hifadhidata, swali linalodharauliwa: nafasi ipi? TRIM ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kama hukuiambia vingine, huondoa nafasi ya kawaida tu, ile ya 0x20. Tabo inabaki. Nafasi isiyokatika, U+00A0, inayokuja mtu anaponakili kutoka ukurasa wa wavuti au jedwali la ofisini, inabaki vilevile. Ukiitazama kwenye skrini ni nafasi kama nafasi nyingine. strip ya Python na trim ya JavaScript huiondoa. Java huwashangaza watu: trim() haiiondoi, na hata strip() iliyokuja na Java 11 haiiondoi, kwa kuwa isWhitespace haiihesabu. Lazima uitaje mwenyewe. Na ukiitaja, itaje kama alama, usiitaje kama baiti. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, nafasi hiyo ni baiti mbili, C2 A0, na herufi "à" ni C3 A0. Kipogozi kinachokata baiti A0 mkiani kitaacha C3 peke yake, na jina la mteja wa Kifaransa kutoka Bujumbura au Lubumbashi litaharibika. Baiti 0x20 haina hatari hiyo, haionekani kamwe ndani ya herufi ya baiti nyingi, kwa hiyo ikate bila hofu.

Nafasi ya mbele kwenye namba ya kontena ina madhara kuliko ya nyuma. Tarakimu ya ukaguzi huhesabiwa kwa kuzidisha kila alama kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa mujibu wa mahali pake. Nafasi moja mwanzoni husukuma kila alama hatua moja, uzito wake ukawa maradufu, na programu inayochukua alama 11 za kwanza inaidondosha tarakimu ya mwisho. Karani anaambiwa namba si sahihi, anaitazama, anaiona sahihi.

Sasa mahali pa kukatia, na hapa nitakaa kidogo.

Swali kama hili liko katika programu nyingi: `WHERE TRIM(namba) = 'CSQU3054383'`. Safu ya namba ina faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, lakini faharasa imepangwa kwa namba zilivyo, pamoja na mikia yake. Wewe umeuliza kitu kingine, matokeo ya TRIM, ambayo faharasa haiyajui. Hifadhidata haina njia ila kusoma safu mlalo zote milioni moja na kupogoa kila moja. Bila TRIM, ingeteremka ngazi chache za mti wa faharasa ikafika. Tofauti hii haipimwi kwa asilimia, ni milioni moja dhidi ya kurasa chache. Na TRIM ikiwa kwenye JOIN, pale majedwali mawili yanapounganishwa, pande zote mbili, hesabu wenyewe.

Mara nyingi TRIM hiyo haikuhitajika tangu mwanzo, ila aliyeandika hakujua hifadhidata yake inalinganishaje. Nazo hazifanani. PostgreSQL haihesabu mkia wa CHAR katika ulinganisho, na huukata ukigeuza kuwa text. Lakini katika VARCHAR na text, aina za urefu tofauti, mkia ni sehemu ya neno. MySQL hukata mkia wa CHAR wakati wa kusoma. VARCHAR yake haikatwi, ila kolesheni za zamani, yaani kanuni za kulinganisha maandishi, hupuuza mkia wakati wa kulinganisha, na kolesheni ya kawaida ya MySQL 8.0, utf8mb4_0900_ai_ci, haipuuzi. Ukihama toleo, majibu yanaweza kubadilika bila mtu kugusa msimbo. Oracle hupuuza mkia CHAR ikikutana na CHAR, lakini CHAR ikikutana na VARCHAR2 mkia unahesabiwa, na JOIN inarudi mikono mitupu. Tena Oracle ikipogoa fildi ya nafasi tupu, jibu ni NULL, yaani hakuna thamani. SQL Server hupuuza mkia kwenye alama ya usawa. Ukipima urefu, LEN haiuhesabu, DATALENGTH inauhesabu. TRIM yenyewe ilifika huko katika toleo la 2017, ndiyo maana misimbo ya zamani imejaa LTRIM(RTRIM()).

Jinsi ya kusafisha. Kwanza hesabu uchafu: safu mlalo ngapi ambazo `namba <> TRIM(namba)`. Angalia sana hapa. Kwenye SQL Server, na kwenye kolesheni za zamani za MySQL, swali hilo litakujibu 0 kwa mikia yote, kwa sababu ulinganisho wenyewe unaipuuza. Linganisha urefu: DATALENGTH huko, LENGTH kwenye MySQL.

Kisha badilisha aina ya safu. Kuna wanaopogoa kwa UPDATE, amri ya kubadilisha data, ilhali safu bado ni CHAR(15), na hifadhidata inazijaza tena papo hapo. Umefagia ufuo wakati wa upepo. Igeuze iwe VARCHAR(11). PostgreSQL ikigeuza CHAR kuwa VARCHAR hukata mikia yenyewe, lakini huandika jedwali upya na kulifunga wakati wote huo, kwa hiyo subiri usiku. Oracle na SQL Server huiacha mikia ndani ya aina mpya, hivyo geuza kwanza iwe VARCHAR ya urefu ule ule wa 15, fanya UPDATE, kisha punguza urefu.

UPDATE yenyewe ifanye kwa mafungu, tuseme safu mlalo 5,000 kwa mara moja kwa kufuata ufunguo mkuu, na uziguse zile chafu tu. PostgreSQL huandika toleo jipya la kila safu mlalo unayoigusa hata kama hakuna kilichobadilika. Ukigusa zote, jedwali linakaribia kuwa mara mbili kabla VACUUM, mfagiaji wa matoleo ya zamani, haijapita. Kabla ya yote hayo tafuta mapacha, yaani namba mbili zilizotofautiana kwa nafasi ya mbele tu, ambazo zikishapogolewa zitakuwa moja na kugonga sharti la upekee. Kuwaunganisha mapacha ni kazi ya mtu anayejua shehena. Skripti haiwezi kuamua ipi ibaki.

Mwisho funga mlango: sharti la CHECK kwamba urefu ni 11, na upogoaji ukae pale data inapoingia, kwenye fomu na kwenye kisomaji cha faili. Ndipo uziondoe TRIM kwenye maswali, moja moja, ukipima mpango wa utekelezaji kabla na baada. Kama huna ruhusa ya kugusa jedwali, kwa sababu programu ni ya mtu mwingine, weka faharasa juu ya TRIM(namba) yenyewe. PostgreSQL na Oracle zinakubali, MySQL inakubali tangu 8.0.13, na kwenye SQL Server unapitia safu ya kukokotolewa. Ni kiraka, ila kinashika.

CHAR isitupwe yote. Kifupisho cha nchi cha herufi 2, sarafu ya herufi 3 kama KES, KEMBA ya herufi 5, hizo hazina mkia wa kukatwa. Lakini msiichague mkidhani ina kasi. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinasema kwa kawaida ndiyo ya polepole zaidi kati ya aina zake tatu za maandishi.

Limebaki la mafaili yanayotoka. Benki na mifumo mikubwa ya zamani bado inataka fildi za urefu mmoja, na huko inabidi ujaze nafasi ulizozikata. Uliza kwanza: urefu unahesabiwa kwa alama au kwa baiti? Jina Ng'ang'a lina alama 8. Likiandikwa kwa kituo cha juu kilichonyooka ni baiti 8. Simu au programu ya kuandikia ikikigeuza kuwa kile kilichopinda, kila kimoja ni baiti 3 katika UTF-8, na jina limekuwa baiti 12. Ukijaza kwa kuhesabu alama, rekodi hiyo imezidi kwa baiti 4, na kila fildi iliyo nyuma yake imesogea: kiasi cha fedha kinasomwa kuanzia katikati ya akaunti. Vigeuze vituo hivyo viwe vilivyonyooka mlangoni, jaza kwa kuhesabu baiti, kisha pima urefu wa kila mstari kabla ya kutuma. Na faili la kutoka kwenye mashine ya EBCDIC, mfumo wa herufi wa mashine kubwa za IBM, likikujia limejaa @@@@@ mkiani mwa kila jina, usiandike kipogozi cha @. Nafasi ya EBCDIC ni 0x40, na 0x40 kwa ASCII ni @. Faili limehamishwa bila kutafsiriwa. Lirudishe lihamishwe upya.

Kipaza sauti kiko huku kushoto kwa mwenye swali. Tuanze na ule mstari wa nyuma.